Upande Wangu wa Doti

Jumapili, 4 Oktoba 1970

Daftari hili nimepewa na mwalimu wa elimu ya watu wazima ili nimsaidie kufundisha wasiojua kusoma wa mtaa wetu. Nilisoma huko juu milimani mpaka darasa la nne, na hapa kambini mtu wa darasa la nne ni msomi mkubwa. Leo nimesimamisha ubao, nimepanga viti, nimekaa kungoja. Hakuja mtu. Wote wako nyuma ya nyumba ya jirani yetu Swalehe wanafanya mazoezi ya ngoma ya Uhuru. Basi naandika mimi, karatasi isipotee bure.

Somo la kwanza linasema: andika unakaa wapi na unakaa na nani. Haya. Naitwa Dorkas. Ninakaa shamba la mkonge, chini ya milima ya Upare, upande wa Same. Kazi yangu ni kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Ninakaa safu ya mwisho ya nyumba za kambi, pale upepo unapopiga kwanza, na watu wanaiita Mtaa wa Doti. Ninakaa na Zaituni.

Jina hili la Doti lilianza hivi. Katika safu yetu wanaume wanakaa wawili wawili, na wanawake wawili wawili, kama wengine wanavyokaa mume na mke. Hakuna aliyetukusanya. Alikuja mmoja, akamwita rafiki yake, na karani wa zamani akaona bora tuwekwe mwisho kabisa. Siku ile ya Uhuru wa kwanza, nchi nzima inacheza, watu wa safu yetu wakasema leo hakuna wa kumkataza mtu. Kila wawili wakanunua doti moja ya kanga, wakaikata katikati, huyu upande huu na huyu upande huu, wakapita kambi nzima kwa ngoma mpaka uwanja wa mpira. Wanaume walifunga zao kiunoni juu ya suruali. Anayetembea na kanga sawa na yako ndiye wako, na hotuba ndiyo hiyo tu. Kila mwaka wanafanya hivyo. Wapitaji wengine huona ngoma na kanga. Wengine huona zaidi, wakanyamaza.

Nimeandika "wanafanya" kwa sababu mimi sijatembea hata mara moja. Mimi hubaki na masufuria.

Jumanne, 6 Oktoba

Ngoma. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 8 Oktoba

Ngoma tena. Upepo umeangusha singa nilizoanika asubuhi nzima, nikazianika upya, nikarudi nyumbani nikakuta watu kumi na wawili wamekalia kitanda changu wakibishana juu ya mwendo wa mguu wa kushoto. Zaituni ndiye kiongozi wa ngoma, kwa hiyo nyumba yetu ndiyo ofisi, jiko, na ghala la manyanga. Ananiuliza, "Mbona umenuna?" Sikununa. Uso wangu ndivyo ulivyo kuanzia Oktoba mpaka Desemba.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mawingu yamekaa juu ya kilele cha Shengena toka asubuhi, hayashuki. Huku chini vumbi. Milima inapata mvua yake na sisi tunapata kuitazama.

Jumamosi, 17 Oktoba

Tumekwenda Same kununua doti. Kila mwaka Zaituni hulipa nusu na mimi nalipa nusu, na kila mwaka upande wangu unakwenda moja kwa moja sandukuni. Leo alichagua ya njano na nyeusi iliyoandikwa UHURU NA KAZI. Nikamwambia uhuru nauona mara moja kwa mwaka, kazi naiona kila siku. Muuza duka alicheka. Zaituni hakucheka. Alisubiri tufike kwenye kivuli cha ukuta wa stesheni, akasema, "Dorkas, mwaka huu utatembea?"

"Nitachoka. Kuna makande ya watu wote."

"Makande yanaweza kupikwa na mtu mwingine."

"Nani?"

Hakujibu. Zamani angejibu. Angenitania, angenifunga kanga kwa nguvu pale pale barabarani. Sasa anauliza mara moja tu, kama mtu anayegonga mlango wa ofisi anayojua imefungwa. Goti lake limevimba na bado anaongoza mazoezi.

Sababu anaijua. Siku ya Uhuru watu wa juu milimani hushuka uwanjani kutazama mpira na kusikiliza hotuba, na kaka yangu, mzee wa kanisa, yuko miongoni mwao. Nilipomwacha mume wangu nilisema nimekataa uke wenza, maana alikuwa anataka kuoa mke wa pili bila kanisa kujua. Watu wakanielewa, wengine wakanisifu. Sababu ya pili, kwamba hata angekuwa na mimi peke yangu nisingemtaka, haikuwa na mtu wa kuambiwa. Kaka yangu hunisalimia kwa sababu ya ile ya kwanza. Nikitembea na kanga ya Zaituni ataiona ile ya pili.

Jumatano, 21 Oktoba

Vijana wa chama wamekuja kukagua nguo fupi. Kanga zetu ni ndefu. Wakanywa maji wakaondoka.

Ijumaa, 30 Oktoba

Tumepiga kura. Mstari mrefu, jua kali, na Sebastiani aliyekuwa mbele yangu alizimia kidogo kwa sababu hakunywa chai. Sebastiani ni Mmakonde, mrefu, mwenye chale za shavuni, fundi wa mashine ya korona inayochambua mkonge. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, pamoja na Swalehe, mkataji wa mkonge, ambaye ni mfupi kuliko mimi na anasema kuliko redio. Swalehe alimpepea kwa karatasi yake ya kampeni mbele ya kambi nzima. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Mpe na maji, baba," basi, yakaisha.

Jumapili, 1 Novemba

Mfungo wa Ramadhani umeanza. Ngoma imesimama. Nimelala mchana mzima, Mungu anisamehe kwa furaha hii.

Alhamisi, 5 Novemba

Habari mbaya, na leo nitaandika zaidi.

Bwana Anaeli alikuja jioni, watu wamemaliza kufuturu. Ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, Mpare mwenzangu wa Gonja, ana mke na watoto, anakaa nyumba ya pembeni pale safu yetu inapoanza. Si wa mtaa wetu kwa maana ile nyingine, lakini hajawahi kukosa makande ya Uhuru. Alikaa, akakataa chai, nikajua kuna jambo.

Shamba linafungwa. Bei ya mkonge imekufa huko duniani na mwisho wa Desemba korona itazimwa. Wanaotaka watapelekwa vijiji vipya vya ujamaa, wapewe kiwanja cha nyumba na jembe. Wakataji na waanikaji watakwenda upande wa Maore. Mafundi na watu wa korona watakwenda Kwakoa, kule kuna pampu inayotaka watu wenye ujuzi. Katibu wa kuwaandikisha watu atakuja baada ya Idd.

Sebastiani na Swalehe walitazamana. Maore na Kwakoa, huyu kusini ya milima, huyu kaskazini. Hakuna jirani hapo.

"Si kitu," Swalehe akasema. "Nitasema nami ni fundi."

"Fundi wa nini?" Sebastiani akauliza. "Wewe hata panga lako nakunolea mimi."

Bwana Anaeli akasema bado hajamaliza. Kiwanja kinatolewa kwa kaya. Kaya ni mume, mke na walio chini yao. Wanaume wasio na wake watalala bwenini. Wanawake wasio na waume hawapewi kiwanja, watarudishwa kwa wazee wao.

Nikamuuliza, "Mimi nina miaka arobaini na saba. Mzee wangu nani?"

Alitazama miguu yake. "Kaka yako, dada. Au yule mume, kama hamkuachana kanisani."

Hatukuachana kanisani. Kanisani hawaachani.

Zaituni ni mtu wa Pangani, wazazi wake walishakufa, hana hata wa kurudishiwa. Alisema polepole, "Kwa hiyo Dorkas juu ya mlima na mimi barabarani." Kisha akaanza kukusanya vikombe, na vikombe vilikuwa bado na chai ndani.

Ijumaa, 6 Novemba

Nilianika singa vibaya leo, msimamizi akanifokea. Kweli nilizianika vibaya.

Jumatatu, 9 Novemba

Mtaa mzima unatafuta ndoa. Usishangae wewe daftari. Wazo ni la Swalehe: wanaume wa safu yetu waandikishe wanawake wa safu yetu kuwa wake zao, wapewe viwanja, kisha wakifika huko wapange milango wanavyotaka. Sasa kila jioni watu wanaposana kama sokoni. Jirani yangu wa kulia amekataliwa na wanaume wawili kwa sababu anapika chumvi nyingi. Ndoa yenyewe ya uongo na bado wanachagua chumvi.

Sisi wanne tulikaa tukapanga. Zaituni na Sebastiani, mimi na Swalehe. Nikasema sawa. Sebastiani ndiye aliyeweka kikombe chini akasema, "Mimi fundi. Mke wangu nitakwenda naye Kwakoa. Swalehe mkataji. Mke wake atakwenda naye Maore."

Tulihesabu upya kila namna. Tukibadilishana, wanawake wanatengana, na wanaume wanatengana vile vile. Tusipooana, ni mlima, barabara na bweni. Swalehe alinyamaza mpaka Sebastiani akamuuliza kama anaumwa.

Jumamosi, 14 Novemba

Matone machache. Vumbi limenuka vizuri kwa muda wa kula chakula, kisha jua.

Jumanne, 17 Novemba

Nimeona jambo ambalo sikuwa naliona. Zaituni akirudi kazini hukaa kwenye kizingiti kwanza, kabla ya kuingia. Nilidhani anapunga upepo. Leo nilikaa karibu naye nikasikia anavyohema. Amechoka kama mimi, pengine zaidi, na amefunga. Miaka yote hii nimekuwa nikilalamika juu ya ngoma yake kana kwamba yeye ana nguvu za bure alizookota mahali. Nilimkanda goti kwa mafuta ya nazi. Akasema, "Usijizoeshe, nitazoea."

Jumapili, 22 Novemba

Kaka yangu amepita. Alishuka kuuza tangawizi, akafika mpaka mlangoni, kitu ambacho hakifanyi mara kwa mara. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti kimoja cha darasa langu. Amesikia kuhusu kufungwa kwa shamba. Akasema nyumbani kuna chumba, kile cha mbuzi, atakitengeneza. Mume wangu naye amezeeka, yule mke mdogo amekwenda zake, na pengine Mungu ana mpango.

"Na Zaituni?" nikamuuliza.

"Zaituni nani?"

Zaituni alikuwa amesimama pale pale akichambua mchele. Kaka yangu humwona kila anapokuja. Mara moja alimpa Zaituni mwenyewe dawa ya malaria, na siku hiyo pia alimwona.

"Huyu," nikasema.

"Ah. Rafiki yako ana watu wake." Akainuka, akachukua kofia. Kwa kumtendea haki niseme kwamba alimpa Zaituni tangawizi mkono mzima, bila kuulizwa. Si mtu mbaya. Ndiyo maana nimechoka naye. Mtu mbaya ungemfungia mlango.

Nililia kidogo baadaye, nikiwa jikoni, na Zaituni akajifanya hajui kwa sababu ya moshi.

Jumatatu, 30 Novemba

Idd. Pilau. Watoto wa safu zote wamekuja kwetu kula, kama kawaida, na mama zao wametuma sahani ziwafuate. Hakuna aliyezungumza habari za kuhama.

Jumanne, 1 Desemba

Ngoma.

Alhamisi, 3 Desemba

Katibu amefika. Anaitwa Bwana Kurwa, mtu wa Shinyanga, mnene, mpole, anatembea na mwavuli ingawa mvua haipo. Ameweka meza yake kwenye baraza ya ghala la singa na anaita safu baada ya safu. Sisi wa mwisho tumewekwa tarehe kumi, kesho yake ya Uhuru.

Bwana Anaeli amekuja kuomba kitu kimoja. Aliomba kwa aibu, akikwaruza ukuta kwa kidole. Mwaka huu, kwa sababu Katibu atakuwa anatazama, watu wabadilishane kanga. Kila mwanamume avae sawa na yule mwanamke atakayemwandikisha. "Siku moja tu," akasema. "Ili kesho yake mkisimama mbele ya meza awe tayari ameshawaona."

Wengi walikubali. Kwao ilikuwa sawa, wote wakataji, wote wanakwenda Maore. Zaituni alisema hapana.

"Dada Zaituni, ni kanga tu."

"Bwana Anaeli, mwaka mzima mimi ni lolote utakalo. Nikiandikwa mke wa mtu, nitaandikwa. Nikiambiwa nina watoto saba, nitakuwa nao. Lakini siku hiyo moja ninavaa sawa na ninayekaa naye, hata kama yeye mwenyewe yuko jikoni." Hakunitazama aliposema hivyo. Hakuwa ananisema. Alikuwa anaeleza tu mambo yalivyo, na hilo ndilo lililonichoma.

Jumatatu, 7 Desemba

Joto la kuua. Mawingu meusi yametanda mpaka kambini kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nimeloweka mahindi na maharage ya makande. Sijalala vizuri.

Alhamisi, 10 Desemba

Jana sikuandika. Leo naandika yote, mkono ukichoka nitapumzika.

Asubuhi nilifukia moto wa makande, nikamwita mke wa Bwana Anaeli nikamkabidhi mwiko. Aliupokea bila kuuliza, kama mtu aliyekuwa akiusubiri miaka. Niliingia ndani nikafungua sanduku. Zaituni alikuwa ameshafunga ya kwake, anatafuta filimbi. Nilijifunga upande wangu mbele yake, wanja wangu hovyo, nywele hazijachanwa. Alisimama na filimbi mdomoni bila kuipiga.

"Umeacha makande na nani?" akasema mwisho.

"Na mtu mwingine."

Sasa niseme ukweli juu ya sherehe hii ambayo nimeilaani tangu Oktoba. Ni nzuri. Nilikuwa nimeisikia miaka yote kupitia ukuta wa jikoni, na kupitia ukuta ni kelele tu. Ukiwa ndani yake ni kitu kingine. Tulipita safu ya kwanza, wanawake wakatoka na watoto migongoni, wakapiga vigelegele. Swalehe alikuwa mbele anarudi kinyumenyume, kanga yake ya bluu kiunoni, na Sebastiani, mwenye kanga ya bluu ile ile, alikuwa anampigia ngoma kwa uso mkavu wa fundi. Nao hawakuwa wamebadilishana kanga. Goti la Zaituni lilimpa shida kwenye kona ya korona, nikamshika mkono, sikuuachia tena. Niliona nimecheka. Nilijisikia mwepesi na nilijisikia mjinga, kwamba kitu hiki kilikuwa nyuma ya ukuta wangu muda wote huo.

Kaka yangu alikuwa amesimama karibu na goli. Alituona. Alitazama kanga yangu, akatazama ya Zaituni, akatazama mikono. Nilimwamkia kwa mbali kwa kuinama kama inavyopasa. Aligeuka akatazama mpira, na mpira ulikuwa haujaanza. Iliniuma sana. Bado inaniuma ninapoandika. Lakini nilikuwa nimeiogopa siku ile kwa miaka mingi, na ilipofika ilichukua muda mdogo kuliko kumenya kitunguu.

Kisha mvua. Haikuanza kwa matone, ilimwagika. Mvua yote tuliyokuwa tukiitazama juu ya Shengena ilishuka kwa pamoja, hotuba ikakatika, na watu wote wakakimbilia paa la karibu. Paa la karibu lilikuwa la ghala la singa. Tukajikuta tumebanana kwenye baraza, tumelowa, rangi ya kanga mpya inatuchuruzika miguuni, na mbele yetu Bwana Kurwa kwenye meza yake, mwavuli umefunguliwa juu ya karatasi zake.

Alitutazama mimi na Zaituni. Akatazama kanga. Uso wake ukachanua.

"Nyinyi ni wa mume mmoja," akasema.

Zaituni alinibana mkono.

"Msinifiche, mama zangu. Kwetu nyumbani mama zangu ni wawili. Baba akinunua kanga ananunua za namna moja, asipofanya hivyo hakuliki, hakulaliki. Nikiona wanawake wa umri wenu wamevaa sawa na wameshikana mikono, najua hapo kuna mume mwenye akili. Yuko wapi?"

Ndipo nikaona mlango wa kutokea. Sikufikiri. Nilinyoosha kidole nikamwonyesha Swalehe, ambaye alikuwa anakamua kanga yake.

"Yule."

Swalehe aliacha kukamua. Bwana Kurwa akamwita. "Bwana, hawa ni wake zako?"

Swalehe alinitazama, akamtazama Zaituni, na nikaona ameelewa. Akavuta pumzi. "Ndiyo, mzee. Wote wawili. Mungu anipe nguvu."

"Lakini doti moja unawagawia wawili? Huo ujamaa wako umepita kiasi."

Baraza zima likacheka. Nami nilicheka. Bwana Kurwa akachukua kalamu, akasema kwa kuwa mvua imetufungia basi amalize na sisi hapo hapo. Kaya moja. Mume Swalehe, mkataji. Mke Dorkas, mke Zaituni, waanikaji. Maore. Aliandika taratibu, ulimi umetoka kidogo.

Nyuma ya Swalehe, Sebastiani alikuwa ameanza kurudi nyuma. Nilimwona akijipenyeza katikati ya watu kwenda kwenye mvua. Mtu mrefu vile, na alikuwa anajaribu asionekane.

"Na kaka yangu," nikasema kwa sauti. "Tunakaa naye. Sebastiani, njoo hapa."

Alikuja. Bwana Kurwa alimtazama kutoka juu mpaka chini, zile chale, ule urefu, ile kanga ya bluu iliyo sawa na ya Swalehe. Kisha akanitazama mimi, Mpare mnene wa kimo cha ndoo mbili.

"Mama mmoja?"

"Baba mmoja," nikasema.

"Na shemeji naye umemnunulia kanga," Bwana Kurwa akamwambia Swalehe.

"Ndugu wa mke, mzee. Usipomtunza utasikia maneno."

Mvua ilipiga bati. Bwana Anaeli alikuwa amefumba macho pembeni. Katibu alizungusha kalamu vidoleni. Sijui aliona nini. Alikuwa na macho madogo na hayakuwa ya kijinga.

"Ni fundi," nikaongeza. "Anajua pampu, anajua injini."

"Nimeambiwa nipeleke mafundi Kwakoa." Akafikiri. "Maore nako hakuna hata mtu wa kufunga bomba. Huko watakufa na kipindupindu na nitalaumiwa mimi." Akaandika. "Shemeji wa kaya. Fundi. Mimi nataka watu wa kulima na watu wa kufunga bomba, mama. Mambo ya nani mama yake nani mtaelezana wenyewe. Wanaofuata."

Leo asubuhi waliobaki wamekwenda mezani na ndoa zao za chumvi nyingi na chumvi kidogo. Wote wameandikwa. Makande ya jana yaliungua chini. Mke wa Bwana Anaeli alikwenda kutazama ngoma.

Jumapili, 13 Desemba

Nimelala.

Jumatano, 23 Desemba

Korona imezimwa. Sikujua kwamba ukimya unaweza kuamsha mtu.

Jumatatu, 28 Desemba. Maore

Tumefika juzi kwa lori la kijiji, na vitu vyetu juu ya vitu vya wengine. Mtaa wetu umetawanywa, safu hii wawili, safu ile wanne, na sijui kama mwaka ujao ngoma itapata watu. Kiwanja chetu ni kichaka chenye kibanda cha miti kisichokandikwa. Hakina mlango, hakina madirisha. Mvua inanyesha kila siku sasa, na kila siku ni kulima. Mwili wote unauma. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza nani mke mkubwa na nani mdogo, apate kujua wa kumwita kwenye mikutano. Zaituni alisema mimi, mimi nikasema yeye, tukabishana mpaka mzee wa watu akaenda zake akimpa Swalehe pole.

Nilimkimbia mume milimani nikisema sitaki uke wenza. Sasa nimeandikiwa mke mwenza na serikali.

Jioni tulitafuta kitu cha kuziba mlango. Zaituni akatoa kanga zake zote za Uhuru, na mimi nikafungua sanduku nikatoa zangu. Tukaanza kuzishona pamoja, upande wake na upande wangu, mwaka kwa mwaka, kama zilivyotoka dukani. Sebastiani akazitundika. Za Zaituni zimepauka, zimetoboka, ile ya mwaka wa kwanza hata maua hayaonekani. Zangu, ukiacha ya mwaka huu, zina rangi ile ile ya dukani, na mikunjo ya sanduku bado imekaa. Tulisimama tukitazama. Mtu yeyote angeweza kuona.

Zaituni hakusema neno. Angesema ningepata la kujibu.

Nimechukua sindano nikafumua ya kwangu ya mwaka wa kwanza. Kesho ninaivaa shambani.